Cheti Kisichovuka Mpaka

Magari mengi yanayopanda kutoka Sake kuelekea Masisi yaliwahi kuwa mali ya mtu mwingine, katika nchi nyingine, mara nyingi yakiendeshwa upande mwingine wa barabara. Kila mnunuzi wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, analijua hilo na wala halimnyimi usingizi. Kinachomnyima usingizi ni swali ambalo karatasi alizokabidhiwa hazilijibu. Je, huko lilikotoka gari hili liliwahi kugongwa, kuzama au kuungua hadi kampuni ya bima ikalitangaza hasara kamili, ikamlipa mwenyewe fedha zake, kisha ikaliuza kwa bei ya chuma chakavu?

Nchi zenye soko la bima lililokomaa hulijibu swali hilo kwa rejista. Nchini Uingereza kampuni za bima hupeleka taarifa za kila gari lililofutwa kwenye hifadhi yao ya pamoja, na tangu Oktoba 2017 gari hilo hupewa moja ya herufi nne. A ni la kusagwa lote. B bodi yake husagwa, lakini vipuri vyake vinaweza kuokolewa. S limeumia fremu, ila laweza kutengenezwa. N fremu yake ni nzima, basi tu bima imepiga hesabu ikaona halilipi. Nchini Marekani majimbo hutoa hati ya pekee kwa gari la namna hiyo, na sheria ya mwaka 1992 ya kupambana na wizi wa magari ndiyo iliyozaa mfumo wa taifa wa kuziunganisha hati hizo. Kabla ya hapo, mwaka 1984, kampuni ya Carfax ilikuwa imeanza katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, na bidhaa yake ni historia ya gari. Japani kazi kubwa hufanywa na minada. Mkaguzi hulizunguka gari, huchora kila mkwaruzo kwenye karatasi yenye picha ya bodi, na gari lililowahi kukatwa au kunyooshwa sehemu za fremu huandikiwa R mahali pa namba ya daraja.

Karatasi hizo zote zina kasoro moja kwa mtu wa Masisi: hubaki zilikoandikwa. Gari hupakiwa melini, karatasi hubaki kabatini.

Ni rahisi kuwatupia lawama madalali wa Goma, ambao wenyeji huwaita makomisyoneri, na wapo kweli wanaouza mbuzi kwenye gunia. Lakini historia ya eneo hili inaonyesha chanzo kilicho mbali zaidi ya ulaghai wa mtu mmoja. Kongo ilikaa karibu nusu karne ikiwa na kampuni moja tu ya bima. Ilikuwa nafasi nzuri ya kukusanya katika daftari moja kila gari lililokufa na kila lililofufuliwa. Nafasi hiyo ilipita, na mnunuzi wa Nyabiondo, Masisi, au wa Mubi, katika wilaya jirani ya Walikale, hakuwahi kuliona daftari la namna hiyo.

Zamani swali lenyewe halikuwa na uzito. Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928 kugawa ardhi kwa walowezi, ndiyo iliyoigeuza milima ya Masisi kuwa nchi ya mashamba makubwa ya ng'ombe, ya kahawa na ya pareto. Kuanzia 1937 hadi 1955 utawala wa Kibelgiji ulileta maelfu ya familia kutoka Rwanda kwa mpango uliojulikana kama MIB, wengi wakikaa Gishari na vilima vinavyouzunguka, na mikono yao ndiyo iliyolima mashamba hayo. Lori lilikuwa mali ya shamba, ya misheni au ya kampuni ya madini. Soko la magari yaliyotumika lilikuwa dogo mno, na historia ya lori ilijulikana kwa kumjua mwenye lori. Likibingirika kwenye kona za Mushaki, kilima kizima kilipata habari kabla ya jua kuzama.

Kisha ukaja uhuru, na baada yake ukiritimba. Tarehe 23 Novemba 1966 serikali ya Mobutu iliunda Société Nationale d'Assurances, SONAS, na mwaka uliofuata ikaipa haki ya kufanya biashara ya bima peke yake nchini. Tarehe 5 Januari 1973 ikatoka sheria namba 73-013 iliyomlazimu kila mwenye gari kukata bima. Ukisoma haraka unaweza kudhani mlango wa rejista ulikuwa umefunguka: kampuni moja, sheria moja, kila gari ndani ya kitabu kimoja.

Mlango haukufunguka, na sababu imo ndani ya sheria yenyewe. Bima iliyolazimishwa ni ile ndogo, ya kumlipa mtu wa tatu: aliyegongwa, mwenye ukuta uliobomolewa, abiria aliyevunjika mguu. Gari la mwenye bima lenyewe halimo. Likitumbukia bondeni likapondeka, hakuna mtathmini anayetumwa kulikagua, hakuna anayelinganisha gharama ya matengenezo na thamani yake, na hivyo hakuna wa kutamka hasara kamili. Tamko hilo ni zao la bima kubwa, ile inayolilipia gari lenyewe, na bima kubwa barabarani Masisi imekuwa kitu cha mashirika na kampuni chache. Mwenye gari wa kawaida, ajali ikitokea, humwita fundi. Kibandiko cha SONAS kiliendelea kubandikwa kwenye kioo cha mbele ili polisi wakione, na fedha zililipwa kila mwaka, lakini kibandiko hicho hakikujua lolote kuhusu fremu iliyo chini yake.

Mwaka huohuo wa 1973, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza kuyatia mashamba na maduka ya wageni mikononi mwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Mashamba ya Masisi yaligawiwa watu wenye jina serikalini, na malori yakafuata mashamba. Biashara nyingi zilizochukuliwa hivyo zilidorora, na vipuri vikawa vya kutafutwa kwa tochi. Hapo ndipo fundi wa Kivu alipokomaa: akajifunza kulivua lori moja ili lingine litembee. Upande wa Walikale, kampuni kubwa ya bati na dhahabu, SOMINKI, iliyozaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni kadhaa za kikoloni, ilipigwa na anguko la bei ya bati duniani mwezi Oktoba 1985 na haikuinuka tena vizuri. Kampuni yenye karakana, stoo na kumbukumbu za magari yake ilipofifia, kumbukumbu zilifukiwa pamoja nayo.

Miaka ya tisini iliyavuruga yaliyosalia. Wanajeshi walipora miji ya Zaire mwaka 1991 na tena 1993. Machi 1993 mauaji yaliyoanzia sokoni Ntoto, ndani ya Walikale, yalienea hadi Masisi na kuyafanya mashamba mengi mahame. Julai 1994, kwa siku chache tu, wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kuwa 850,000 waliingia Goma, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada na misafara ya magari meupe.

Magari hayo meupe yalileta kitu kipya: gari lenye kumbukumbu. Shirika la misaada huandika kitabu cha safari cha kila gari, kilomita kwa kilomita, matengenezo kwa matengenezo. Mengi ya magari hayo hununuliwa kupitia Gibraltar, ambako ipo kampuni ya kuuza Toyota kwa Umoja wa Mataifa na mashirika. Yakizeeka huuzwa. Ndiyo maana hadi leo kauli kwamba jipu fulani lilikuwa la shirika hupandisha bei yake Goma. Ni kauli inayostahili kuhojiwa vilevile, maana mashirika yameendesha magari yao kwenye barabara zilezile za Masisi, na mengine yametekwa, yamepigwa risasi, yameporwa katika vita vya 1996 na 1998 na kuzunguka miaka mingi bila kitabu chochote. Rangi nyeupe hupatikana dukani. Kitabu cha safari ndicho cha kuulizwa.

Halafu ikaja fedha ya coltan. Bei ilipopaa mwaka 2000, Goma ikiwa chini ya waasi wa RCD, wachimbaji na wafanyabiashara wa Masisi waliweza kununua magari kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Kinshasa haikuwa na mkono huku. Ushuru, mihuri na vibali vilitoka Goma kati ya 1998 na 2003, na amani ilipotiwa saini, magari yaliyoandikishwa chini ya utawala mmoja yalitakiwa yatambuliwe na mwingine. Kila mabadiliko ya namna hiyo ni mwanya. Gari linaloingia upya kitabuni huingia na jina la mmiliki wa leo na mwaka wa leo, na yaliyolipata kabla ya hapo yanakatika hapo.

Walikale ilikuwa na hadithi yake. Ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, kilomita za mraba 23,475 za msitu, dhidi ya 4,734 za Masisi. Barabara ya kutoka Masisi kupitia Nyabiondo iliharibika kiasi cha kuwakatisha madereva tamaa. Bati la Bisie lilipovumbuliwa mwaka 2002, wapagazi walilitoa msituni kwa mgongo, mzigo wa kilo 50 kwa safari ya siku mbili hadi Njingala. Kutoka hapo malori yaliupeleka Kilambo, na Kilambo hapakuwa na uwanja wa ndege. Ndege zilitua juu ya kipande cha lami cha barabara ya taifa namba 3 yenyewe, magari yakisimamishwa pande zote mbili yakisubiri. Zilikuwa ndege ndogo kuukuu za Ulaya Mashariki, Let 410 na Antonov.

Hapo pana jambo la kutafakari. Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulichapisha orodha yake ya kwanza ya mashirika ya ndege yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na karibu mashirika yote ya Kongo yalikuwemo. Ndege chakavu iliyotua Kilambo ilikuwa na mahali ilipoandikwa kwamba ni ya kutiliwa shaka. Lori lililoileta mizigo hadi chini ya bawa lake, likiwa limejaza watu juu ya magunia, halikuandikwa popote.

Wakati huohuo mito miwili ya magari ilikuwa ikikutana Goma. Mmoja ulitoka Japani moja kwa moja hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha ukapita Kampala na Bunagana, au Rusumo na Kigali. Mwingine ulipitia Dubai na Sharjah. Dubai ilifungua eneo huru la biashara ya magari mwaka 2000, na kampuni ya Be Forward ya Tokyo, iliyoanzishwa 2004, ilimwezesha mtu wa Goma kuchagua gari kwa picha akiwa mezani pake. Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya mazingira ya mwaka 2020, ulihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 yalikuja Afrika.

Katika mito hiyo namba ya gari ndiyo uzi pekee unaoweza kuvutwa kurudi nyuma, na kwa wengi wa Kivu hukatika mapema. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya tarakimu na herufi 17 kama la Ulaya au Marekani. Lina namba fupi ya fremu, msimbo wa modeli ukifuatwa na mfululizo. Mtu anayeiandika kwenye tovuti ya Kimarekani ya historia za magari hapati kitu, kisha anaambiwa na muuzaji kwamba kutopatikana kitu maana yake gari ni safi. Hapo ndipo wengi hupigwa changa la macho. Isitoshe, Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka mwaka 1984 na inayoheshimiwa kuliko gari lolote kwenye tope la Masisi, haikuwahi kuuzwa Marekani, basi kuitafuta huko ni kazi bure. Kwa gari la Japani karatasi za kudai ni mbili: ile ya mnada yenye mchoro, na cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, ambacho hubeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Muuzaji mwenye cheti lakini asiye na karatasi ya mnada anapaswa kuulizwa iko wapi. Mara nyingi ilikuwepo.

Kwa gari lililopita Ghuba, ugumu ni mkubwa zaidi, kwani huko hukusanyika magari ya kila asili, yakiwemo yaliyonunuliwa kwenye minada ya Kimarekani ya magari yaliyofutwa. Copart, iliyoanza Vallejo, California, mwaka 1982, huuza magari ya aina hiyo kwa wanunuzi wa dunia nzima. Kimbunga cha Katrina cha Agosti 2005 peke yake kiliyazamisha mamia ya maelfu ya magari. Lakini hapa walau namba ina sehemu 17, na ada ndogo ya kuitafuta ni kidogo sana ukilinganisha na bei ya jipu.

Serikali ya Kongo haikukaa kimya kuhusu magari haya. Amri ya tarehe 2 Oktoba 2012 ilikataza kuingiza magari yaliyopita umri wa miaka 10. Katika miaka hiyohiyo Wizara ya Uchukuzi ikayapiga marufuku yenye usukani wa kulia, mlango ambao Rwanda ilikuwa imeshaufunga tangu 2005. Uganda nayo mwaka 2018 ikaweka kikomo cha miaka 15. Kenya ina kikomo cha miaka 8 na ukaguzi kabla ya kupakiwa, lakini gari la transiti linaloelekea Kongo halilengwi na kanuni za soko la Kenya. Sheria hizi zinauliza gari lina umri gani na usukani uko wapi. Hakuna inayouliza kama liliwahi kufa. Kwa kipimo hicho gari la miaka 6 lililopondwa na kuunganishwa hupita, na la miaka 12 lisilowahi kuguswa hukwama.

Tena marufuku ya usukani iliongeza kazi ya karakana za kugeuza, hasa zile za Ghuba. Kulihamisha usukani ni kuvua dashibodi nzima, kukata ukuta wa injini, kurefusha nyaya na mara nyingi kuachana na mifuko ya hewa. Gari lisilowahi kupata ajali linatoka likiwa na makovu ya ajali, na lililopata ajali linapata kisingizio cha makovu yake. Fundi akiuliza mbona hapa pamekatwa, jibu liko tayari: usukani uligeuzwa.

Basi kwa kukosa karatasi, watu walitegemea macho, mikono na mashahidi. Mfugaji wa Masisi hanunui ng'ombe kwa kumtazama tu. Huuliza alitoka zizi la nani na nani alimwona akizaa, na gari hununuliwa kwa mtindo huohuo. Muuzaji huja na mtu anayejulikana, mnunuzi huja na fundi wake, na hati ya mauziano hutiwa saini mbele ya wote. Kinachotazamwa zaidi ni nani aliliendesha mwisho na katika barabara ipi.

Fundi anayejua kazi yake huwa na mpangilio. Huanza kwa boneti. Bolti za madigadi hupakwa rangi kiwandani pamoja na bodi. Rangi ikiwa imebanduka kwenye pembe za bolti, spana imeshapita, na swali linalofuata ni kwa nini. Husoma vioo kimoja baada ya kingine, kwa kuwa kila kioo kina alama ya mtengenezaji na ya mwaka, na kioo cha mlango mmoja kikiwa na mwaka wake peke yake, mlango huo una habari. Hupitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya bodi: inashika bati, ila palipojazwa mastiki inateleza. Huvuta mkanda wa usalama hadi mwisho wa utepe, mahali ambapo anayeosha gari hafiki, akitafuta mstari wa matope makavu. Huingiza mkono chini ya kiti na kupapasa chemchemi. Gari lililozama huoshwa, hupuliziwa manukato, hubadilishwa mazulia, lakini chemchemi za kiti hubaki na kutu isiyolingana na umri wake.

Kisha huwasha ufunguo bila kuwasha injini na kutazama taa ya mifuko ya hewa. Inapaswa kuwaka kwa sekunde chache, halafu izimike. Isipowaka kabisa, kuna aliyeiua kwa makusudi, na mara nyingi ni kwa sababu mifuko ilishafumuka na haikurudishwa.

Mwisho hulala chini. Kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 70 namba ya fremu imegongwa kwenye reli ya kulia, karibu na gurudumu la mbele. Hapo hufutwa matope, husomwa na kulinganishwa na bati la namba na karatasi. Kidole kinaona kisichoonwa na jicho, maana reli iliyosuguliwa ili kugongwa namba upya ina ubapa ambao ile ya kiwandani haina. Huangalia uchomeleaji. Wa kiwandani ni wa mashine, unalingana upande huu na ule. Wa karakana una mgongo mnene na matone. Na anayejali zaidi huchukua kamba, akapima kutoka bolti ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Kamba zikipishana, fremu imepinda, hata kama gari limepakwa rangi mpya jana.

Ipo hoja ambayo mafundi wa Goma huitetea kwa nguvu, na ina ukweli wake. Hasara kamili ni hesabu. Inalinganisha thamani ya gari na mshahara wa fundi, na mshahara wa fundi wa Nagoya au wa Leeds haufanani na wa Birere, mjini Goma. Jipu lililofutwa Uingereza kwa herufi N, fremu nzima, milango miwili ikiwa imebonyea, linaweza kutengenezwa Goma likadumu miaka 15. Kulikataa kwa sababu ya herufi tu ni kujinyima. Lakini hoja hiyo inamtaka mnunuzi ajue ni N na si B, alipe bei ya N, na ajue kabla ya kupakia watu 20 na magunia ya viazi kwenda Kitchanga. Gari la B lililofufuliwa lina mahali pake pa kuvunjika tayari, na kwenye miteremko ya Masisi wanaolipia ni abiria, ambao hakuna aliyewauliza.

Ukiritimba wa SONAS ulivunjwa na sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, na mwaka 2019 msimamizi mpya, ARCA, alitoa leseni kwa kampuni binafsi za kwanza, zikiwemo Activa, Rawsur na SFA Congo. Kwa mteja ni heri, kwa sababu ushindani huleta bima kubwa, na bima kubwa huleta mtathmini. Kwa rejista ni kazi mpya. Zamani ilihitajika kampuni moja iandike. Sasa kila kampuni ina mafaili yake, na gari lililofutwa na moja linaweza kwenda kukatiwa bima kwa nyingine wiki inayofuata, ikiwa hakuna anayezilazimu kuelezana.

Vita vimerudi na kuyachanganya zaidi. Waasi wa M23 walichukua Masisi-centre tarehe 4 Januari 2025, Sake tarehe 23 na Goma tarehe 27 ya mwezi huo. Machi waliingia Walikale-centre na kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Magari yaliporwa, mengine yakakimbizwa, na mstari kati ya tawala mbili sasa unapita katikati ya nchi ambayo gari moja lilikuwa likiivuka kwa siku moja. Gari linalouzwa upande mmoja lina mihuri ambayo upande wa pili hauitambui. Ni yaleyale ya miaka ya RCD yakijirudia, isipokuwa safari hii magari ni mengi zaidi.

Hata hivyo chombo kimoja cha kuvusha taarifa kipo tayari. Tangu 1987 nchi za COMESA zina kadi ya njano, bima inayolifuata gari likivuka mpaka: likigonga mtu nje ya nchi yake, ofisi ya bima ya nchi hiyo humlipa aliyeumia, kisha hudai fedha zake kwa ofisi ya nchi lilikotoka gari. Tanzania imo, ingawa si mwanachama wa COMESA. Hii ina maana kwamba ofisi za Nairobi, Kampala, Kigali, Dar es Salaam na Kinshasa zimekuwa zikiandikiana kuhusu ajali za magari yanayotambulika kwa miaka mingi, na tangu 2022 Kongo imo pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Namba ya fremu na neno moja, limefutwa au halijafutwa, vingeweza kupita katika njia hiyohiyo ya barua. Hadi vitakapopita, mnunuzi anayeshuka Goma kutoka Masisi kutafuta jipu anapaswa kubeba sumaku, kamba, fundi asiyelipwa na muuzaji, na ujasiri wa kudai karatasi ya mnada kabla ya kutaja bei.